Kisu cha Moto na Gundi: Somo la Mpira na Plastiki katika Ngara na Biharamulo

Watoto wa Bugufi na Bushubi, huku Ngara, walijua utomvu kabla hawajajua mpira. Mvulana aliyetaka kunasa ndege alikwenda kwenye mti wa jamii ya mkuyu, ule uliopandwa kuwa mpaka wa shamba au kivuli cha uani, akachanja gome kwa ncha ya panga na kukinga maziwa yaliyotiririka. Aliyavuta na kuyafinyanga mpaka yakawa ulimbo, akapaka kijiti, akakitega penye mtama. Alijua kwamba maziwa yale yakikaa hewani hunata, kisha huvutika, na mwisho hukauka yasifae kitu. Alijua pia kwamba mnyaa nao hutoa maziwa, lakini hayo hayachezewi, maana yakiingia jichoni ni msiba. Yote hayo aliyapata kwa kaka zake, na hakuna aliyeyaita sayansi.

Nimefundisha shule za msingi katika wilaya hizi mbili, kwanza Biharamulo na baadaye Ngara nilikozaliwa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipostaafu mwaka 2018. Vitu vya mpira na plastiki tulivifundisha ndani ya Sayansi, tukavifundisha ndani ya Stadi za Kazi, na baada ya mtaala wa 2016 vikaingia Sayansi na Teknolojia. Jina la kipindi lilibadilika, ila vitu vyenyewe vilibadilika zaidi: kitu kilichokuwa adimu mno nilipoanza kazi ndicho nilichokiacha kimetapakaa kila mtaro.

Naisimulia historia ya somo hili kwa sababu ina jambo ambalo mwalimu anayeanza kazi leo anapaswa kulijua. Kwa muda mrefu watoto wetu walijifunza maada kwa kuitazama ikikarabatiwa. Fundi alikuwa nusu ya mtaala, ingawa hakuna kitabu kilichomtaja. Kisha vikaja vitu visivyo na fundi, na shule ikakutwa haijajiandaa kushika nafasi yake.

Mpira ulivyotufikia

Mpira, kabla ya kufika kwetu kama bidhaa, ulikuwa umekwisha kumwaga damu nyingi upande wa magharibi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki tena juani wala haupasuki kwa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani, magari yakafuata, na dunia ikahitaji mpira kwa pupa. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kuchuma utomvu wa mipira-mwitu msituni, na aliyepungukiwa na kipimo alichapwa, akauawa au kukatwa mkono. Nilipokuwa nikiwafundisha darasa la sita nilihakikisha wanalijua hilo. Mtoto akishika kipande cha tyubu ajue kwamba ni mali yenye historia ya watu.

Upande wetu, Wajerumani walinunua mpira-mwitu wa kusini uliopitia Kilwa na Lindi, kisha wakaanzisha mashamba ya mpira wa Ceara, mti wa ukoo mmoja na muhogo, katika Tanga na Morogoro. Mashamba hayo yalistawi kwa muda mfupi. Mbegu za mpira wa Brazili zilizochukuliwa mwaka 1876 na Mwingereza Henry Wickham zilikuwa zimezaa mashamba makubwa Malaya na Ceylon, na ilipofika 1913 bei ilianguka, wenye mashamba ya huku wakaachana na kazi hiyo. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, Waingereza walirudi kwenye ile miti iliyotelekezwa na Wajerumani na kuigema tena kwa ajili ya vita.

Huku Magharibi mwa Ziwa hatukuwa na mashamba ya mpira. Boma la Wajerumani lipo Biharamulo hadi leo, lakini mpira ulikuja ukiwa umekwisha kuumbwa, na kwa wengi wetu ulikuja na baiskeli: ya mmisionari, ya karani, ya bwana shamba, na mwishowe ya mkulima wa kahawa. Baba yangu alinunua yake kwa fedha za kahawa, na baiskeli ile ndiyo iliyokuwa darasa langu la kwanza la mpira.

Tairi lilipochakaa halikutupwa. Lilishonwa kwa uzi mnene na kuwekewa kiraka kwa ndani, likatembea msimu mwingine. Liliposhindikana kabisa lilikatwa vipande vya kuwekwa chini ya bawaba za mlango wa zizi. Tyubu iliyokufa ilichanwa kuwa kamba ya kufungia mzigo kwenye keria, na iliyobaki ilikuwa ya watoto: manati kwa wavulana, na kwa wasichana kamba ya kurukia iliyounganishwa vipande kwa vipande. Tairi la lori lilikuwa na bei yake peke yake, kwani ndilo lililotoa katambuga. Fundi alilipasua kwa kisu kirefu, akikichovya kwenye maji kila baada ya mpasuo ili kiteleze, na soli iliyotoka hapo ilimzidi umri mvaaji.

Plastiki ilikuja baadaye na kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa mwili wa redio na mshikio wa sufuria, kisha vifungo vya shati, kikombe na beseni. Politini, ambayo ndiyo maada ya mifuko na madumu, iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara za kampuni ya ICI kule Uingereza, lakini nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi katika miaka ya 1960 nyumba yenye beseni la plastiki ilikuwa ya kuhesabika. Beseni lilitunzwa kabatini na kutolewa mgeni anapofika.

Miaka ya upungufu

Nilianza kazi wakati wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na madarasa yalijaa kuliko tulivyoweza kuyahudumia. Vitabu vilikuwa vichache. Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana kutokana na mazingira, na sisi tuliokwenda vijijini tuliona upesi kwamba hilo ndilo lililowezekana. Vizibo vya soda vilikuwa vya hesabu, maganda ya mgomba ya kusukia, udongo wa mfinyanzi wa kuumbia.

Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada yake ukata ambao vijana wa leo hawaujui. Sabuni ilikuwa ya foleni na nguo za kibali. Tairi la baiskeli lilisubiriwa kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, miezi na miezi, japo nchi ilikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre kule Arusha, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971. Waliokaa karibu na mpaka walivuka usiku kwenda Burundi na Rwanda wakiwa na kahawa, wakarudi na kandambili na mabeseni, na walijua hatari yake. Mwanafunzi wa Biharamulo aliyekuwa na kandambili alizivua akifika kwenye tope na kuzibeba mkononi, kwa kuwa mguu huoshwa na kandambili ikikatika haipatikani nyingine.

Wakati huo mafundi walikuwa na heshima ya pekee. Kule Nyakahura kulikuwa na mzee mmoja aliyeziba tyubu chini ya mti siku za gulio. Niliwapeleka kwake watoto wa darasa la tano, wakaketi kumzunguka.

“Shikamoo mzee,” wakaamkia kwa pamoja.

“Marahaba, wanangu. Mwalimu, hawa nao wanataka ufundi?”

“Wanataka kujua kwa nini huzibi tyubu kwa moto, mzee, kama mama zao wanavyoziba beseni.”

Hakujibu kwa maneno kwanza. Alijaza tyubu upepo, akaizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha polepole mpaka viputo vikatoka mahali pamoja. Akapatia alama kwa ncha ya msumari, akapakausha, akapasugua kwa msasa mpaka pakawa pa kijivu. Akasugua na kiraka, akapaka solusheni pande zote mbili, kisha akaviacha. Watoto walidhani amesahau. Aliwaambia gundi isipokauka kidogo haishiki, na kila fundi mwenye haraka hurudishiwa baiskeli jioni. Baadaye akakandamiza kiraka na kukigonga kwa kitako cha bisibisi. Mwisho akachukua kipande cha tyubu mbovu, akakisogeza kwenye kaa la moto. Kilitoa moshi mweusi, kikaungua, kikabaki jivu na unyevu wa kunata.

“Mmeona? Mpira hauyeyuki ukarudi. Moto ukiugusa umekwenda.”

Nyumbani kwao watoto walikuwa wameona kinyume chake. Beseni likipasuka, mama alipasha kisu kwenye moto wa kuni, akachukua kipande cha kikombe kilichokufa na kukibandika juu ya ufa, akapitisha kisu mpaka vyote viwili vikalainika na kushikana. Viatu vya plastiki viliungwa vivyo hivyo, mkanda kwa mkanda. Kovu lilibaki, lakini maji hayakuvuja.

Hapo ndipo nilipopata somo langu, na nililifundisha mpaka nastaafu: plastiki huzibwa kwa kisu cha moto, mpira huzibwa kwa gundi. Mtoto aliyeshika jambo hilo moja ameshika tofauti kubwa ya maada hizi mbili, na kazi ya mwalimu iliyobaki ni kumweleza sababu.

Watoto wakiwa minyororo

Sababu tuliitafuta uwanjani. Niliwapanga watoto katika mistari mirefu, kila mmoja akiwa ameshika bega la mwenzake wa mbele. Mstari mmoja ni mnyororo mmoja wa maada, mrefu na mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Mistari ikisimama sambamba bila kugusana, hiyo ndiyo plastiki ya beseni. Nikisema “joto”, wanatikisika na kuanza kutembea, na mistari inapishana kwa urahisi: plastiki imelainika. Nikisema “baridi”, wanasimama walipo, na umbo jipya limepatikana.

Kisha nikagawa vipande vya kamba za mgomba. Kila mtoto wa tatu au wa nne alishikana kwa kamba na mwenzake wa mstari wa jirani. Hizo kamba ndizo salfa ya Goodyear. Nikisema “vuta”, mistari inanyooka na kutanuka. Nikisema “acha”, kamba zinawarudisha mahali pao. Nikisema “joto”, wanatikisika lakini hawawezi kupishana, kwa kuwa wamefungwa. Joto likizidi mno kamba hukatika na mistari pia, na kilichobaki si mpira tena. Watoto walielewa kwa nini tyubu ya mzee wa Nyakahura iliungua badala ya kuyeyuka. Walielewa pia kwa nini ulimbo wa mkuyu, ambao haujawahi kuona salfa, haukuweza kuwa tairi.

Darasani tulirudi na vipande. Mkanda wa tyubu ulitundikwa kwenye msumari ukafungiwa kijiwe, na mtoto akapima kwa rula ulivyorefuka. Tukaondoa kijiwe, ukarudi. Mkanda wa politini ulivutwa ukarefuka, haukurudi, ukabaki mwembamba na mweupe pale ulipovutwa. Mshikio wa sufuria, ule mweusi mgumu, uliguswa na kijiko cha moto na haukulainika. Huo ni ukoo wa bakelaiti, plastiki iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo minyororo yake imefungana daima. Kwa hiyo watoto waliona kwamba hata plastiki ziko zisizosikia kisu cha moto. Wakubwa niliwaeleza pia kwamba tyubu nyingi za siku hizi hazitoki mtini; ni mpira wa kutengenezwa, unaotokana na mafuta ya petroli kama plastiki yenyewe.

Maturubai ya mwaka 1994

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilihamia Ngara. Biashara ilikuwa imefunguliwa tangu 1984, bidhaa zikarudi madukani, na madumu ya mafuta ya kula yakaanza kuondoa mitungi na vibuyu vichwani mwa wasichana. Sitaki kuionea plastiki katika hili. Mtungi wa udongo ni mzito hata ukiwa mtupu, na msichana aliyeuvunja kisimani aliogopa kurudi nyumbani. Dumu la lita 20 likianguka linanyanyuliwa. Mwalimu anayesema plastiki ni ubaya mtupu hajawahi kupanda na maji kutoka bonde la Ruvubu.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Walipelekwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Ikafuata Lumasi, ikafuata Musuhura, ikafuata Lukole ya Warundi, na katika muda mfupi wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Kilima kilichokuwa cha nyasi na miti asubuhi kiligeuka bluu: maturubai ya plastiki ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, yenye alama yake, yamekunjwa juu ya vijiti.

Wenyeji wa Ngara hatukuwa tumewahi kuona plastiki nyingi hivyo mahali pamoja, na sidhani kama wilaya nyingine nchini iliwahi kuona. Turubai lilikuwa paa, ukuta, mlango, sakafu. Lilifunika shule za kambini, ambako watoto walikaa chini na mwalimu aliandika ubao ukiwa umeegemezwa kwenye mti. Kwa waliokimbia usiku bila kitu, turubai lilikuwa tofauti kati ya mtoto mchanga kulala pakavu na kulala kwenye maji.

Halikukaa kambini peke yake. Liliuzwa, likabadilishwa kwa ndizi na muhogo, na muda si muda shuleni kwetu watoto walivaa vipande vyake kama koti la mvua, wakashona mikoba ya madaftari, na wazazi wakaanikia kahawa na kukinga maji ya paa. Baada ya msimu mmoja au miwili maswali yakaanza. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliniletea kipande kilichokaa juu ya paa la jiko. Nilipokikunja kilivunjika kama jani kavu.

“Mwalimu, nani amekichoma?”

Nilitaka walitafute jibu wenyewe. Tulikata mikanda miwili kutoka turubai moja jipya, upana sawa, urefu sawa. Mmoja tukautundika ndani ya stoo ya majembe, mwingine juu ya paa la bati, tangu shule ilipofunguliwa Januari hadi kufunga Desemba. Siku ya kufunga, watoto wawili walivuta mkanda wa stoo kwa nguvu zao zote, ukarefuka tu. Mkanda wa paa ulikatika mikononi mwa mtoto mmoja, na vumbi la bluu likabaki kwenye vidole vyake.

Kwa hiyo jua hukata minyororo ya plastiki. Lakini mtoto yule alipofungua kiganja, ile bluu ilikuwa bado ipo. Jua lilikuwa limeivunjavunja, halikuwa limeimaliza. Niliwapeleka kwenye jalala la shule wakatafute vipande vingine, wakavipata udongoni, vidogo kuliko punje ya mtama. Gunia la katani lililozikwa wakati uleule lilikuwa limekwisha kuwa udongo.

Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Miti iliyokatwa kwa kuni iliacha vilima vitupu, na katika udongo wa Benaco wakulima waliendelea kulima nyuzi za bluu kwa miaka mingi baadaye.

Kitu kisicho na fundi

Mfuko mwepesi wa politini, ambao watu waliuita rambo, ulikuwa umeingia kimyakimya wakati huohuo. Katika miaka ya 1980 mfuko wa plastiki ulifuliwa na kuanikwa kambani pamoja na nguo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ulitolewa bure kwa kila robo ya sukari na kila fungu la nyanya. Pale Lusahunga, ambako malori ya Rwanda na Burundi na mabasi hupumzika, miiba ya pembezoni mwa barabara ilichanua mifuko. Mbuzi waliila. Mchinjaji mmoja wa Biharamulo aliniitia watoto waone tumbo la mbuzi aliyekonda bila ugonjwa: ndani mlikuwa na donge la mifuko, limekazana, limejaa nafasi ya majani.

Nilijaribu kuufundisha mfuko ule kwa njia yangu ya zamani, na njia ikakoma hapo. Kisu cha moto hakiuzibi. Huukunja na kuutoboa zaidi. Gundi ya baiskeli haishiki juu yake. Hakuna fundi aliyeweka kibao cha kuziba rambo, na hata angekuwepo, nani angelipa ukarabati wa kitu cha bure? Kwa mara ya kwanza watoto wangu walikuwa na kitu mikononi ambacho hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kukitunza.

Fundi pekee wa rambo alikuwa mtoto mwenyewe. Mpira wa kuchezea ambao sisi tuliufunga kwa maganda ya mgomba, wao waliufunga kwa mifuko, mmoja juu ya mwingine, wakaukaza kwa uzi wa katani mpaka ukadunda. Gari la waya lilipata magurudumu ya soli ya kandambili, yaliyokatwa mviringo kwa kufuatisha kizibo cha kopo. Katika miaka yote hiyo nilizikusanya kazi hizo na kuziweka juu ya kabati la darasa, kwa kuwa zilikuwa ushahidi kwamba mtoto hajapoteza uwezo wa kuitazama maada na kuiuliza inaweza nini.

Watoto wa mpakani walipata somo jingine mapema. Rwanda ilipitisha sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kuanzia hapo aliyevuka Rusumo kwenda sokoni Kirehe au kumsalimia shangazi alikaguliwa mzigo, na mifuko ikabaki mpakani. Watoto wa kata za Rusumo na Kasulo walikuja shuleni na swali ambalo mtoto wa Mwanza hakuwa nalo: kwa nini mfuko huu ni halali upande huu wa mto na ni kosa upande ule, wakati mto ni mmoja? Nilikuwa nikiwaambia wafuate maji. Ruvubu huungana na Kagera karibu na Rusumo, Kagera huzunguka kwenda Ziwa Viktoria, na ziwa hutoa Nile. Mfuko unaotupwa kwenye mtaro wa Ngara hauna mpaka wa nchi wa kuuzuia.

Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, miaka 13 baada ya Zanzibar kupiga marufuku yake ya 2006. Kanuni ziliweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote, kwa anayekutwa akitumia mfuko uliokatazwa. Watu walitii kwa haraka iliyonifurahisha. Nilikuwa nimestaafu, lakini mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniomba nizungumze na darasa la saba.

Nilichukua ule mfuko mbadala wa rangi ambao sokoni wanauita wa kitambaa. Nikawauliza ni kitambaa cha nini. Wakasema pamba. Nikapasha kijiko, nikakigusisha kwenye ukingo wa mfuko. Ukasinyaa, ukayeyuka, ukaacha tone gumu linalong'aa. Kipande cha pamba halisi tulichokiweka kando kiliungua tu na kuacha jivu. Mfuko ule ni wa polipropilini, plastiki iliyosokotwa nyuzi. Ni mzito zaidi, unabeba mara nyingi zaidi, na kwa hiyo ni nafuu kweli kwa mazingira iwapo utatumika hivyo. Ukitumika mara moja na kutupwa, tumebadili umbo la tatizo tu. Darasa lilikaa likiutazama mfuko kwa macho mapya. Kijiko cha moto kiliwafundisha jambo ambalo kanuni za serikali zisingeweza kuwafundisha.

Tunachopaswa kufundisha sasa

Mtaala wa leo una mambo mazuri ambayo wa kwangu haukuwa nayo. Unazungumzia taka, unazungumzia kutenganisha, unataka mtoto atende. Shule nyingi zina kibuyu chirizi cha kunawia mikono, kidumu kilichotobolewa na kufungiwa kamba ya kukanyagia, na hicho ni kifaa bora cha plastiki kilichotengenezwa na watoto wenyewe. Naomba mambo mawili zaidi.

La kwanza, fundi arudi darasani. Yule wa baiskeli bado yupo, sasa anaziba na tairi za pikipiki za bodaboda. Wa katambuga yupo. Mama anayeunga beseni yupo, ingawa wanapungua kila mwaka kwa kuwa beseni jipya limekuwa rahisi kununua. Wafanye kazi hiyo nje, penye hewa, na watoto wakae upande usiopelekewa moshi, kwa maana plastiki na mpira vikiungua hutoa sumu, na hilo nalo ni sehemu ya somo. Mwalimu aandike muda wa kumtembelea fundi kwenye azimio la kazi, kama anavyoandika jaribio, na kijiji kimlipe fundi huyo chochote kwa muda wake.

La pili, kwa kila kitu kinachowekwa mezani mtoto aulizwe maswali matatu: kimetoka wapi, kikiharibika kinazibwaje, na kisipozibika kinakwenda wapi. La kwanza litampeleka Kongo ya Leopold, Malaya, Arusha na visima vya mafuta. La pili litampeleka kwa fundi. La tatu litampeleka kwenye mtaro wa nyuma ya darasa, na kutoka hapo mpaka Kagera. Kitu kinachokosa jibu katika swali la pili na la tatu ni kitu ambacho mtoto huyo, akiwa mkubwa, akiwa mfanyabiashara au diwani au mhandisi wa kiwanda, atakuwa na sababu ya kukikataa au kukibuni upya.

Sheria imeondoa mfuko mmoja. Nyuma yake iko chupa ya maji, nepi, mrija, kifungashio cha karanga, na vingine ambavyo havijabuniwa bado. Hakuna serikali itakayovikataza kimoja kimoja kwa kasi vinavyokuja. Mtoto wa Ngara na Biharamulo aliyefundishwa kukishika kitu, kukivuta, kukipasha, kukizika na kurudi kukitazama baada ya mwaka, ataweza kukipima chochote atakacholetewa, na hatahitaji kungoja tangazo la kumwambia kinafaa au hakifai.